Mwalimu wa Kiingereza Aliyekuja Ndani ya Kanda: Maisha ya Barry Evans

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha fariki siku nyingi, nadhani alitarajia nimletee mmoja wa wale Wazungu tuliozoea kuwasoma hapa Bagamoyo. Hao si haba. Burton na Speke walipita pwani hii mwaka 1857. Stanley alianzia safari yake hapa mwaka 1871, na maiti ya Livingstone ilifikishwa Februari 1874, ikichukuliwa na akina Chuma na Susi waliotembea nayo miezi mingi. Sidhani yupo mwanafunzi wa shule yetu ambaye hajapelekwa angalau mara moja kuutazama ule mnara wa kanisa la Misheni, akarudi bwenini na insha ya kuandika.

Mimi nimemchagua Mwingereza mwingine. Huyu hakuja na wapagazi wala bunduki wala Biblia. Alikuja ndani ya kanda ya video iliyokwisha chakaa, ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwa wengi wetu tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1995 alikuwa mwalimu wa pili wa Kiingereza, baada ya yule aliyelipwa mshahara na Serikali. Jina lake Barry Evans. Sisi tulimwita Bwana Brown, kwa kuwa ndilo jina alilokuwa nalo katika mchezo.

Wanafunzi wa leo, ambao kila mmoja ana sinema mfukoni, hawana budi kuelezwa hali ilivyokuwa. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara kituo cha kwanza kilianza mwaka 1994 tu. Hapa mjini seti zilihesabika kwa vidole. Palikuwa na nyumba moja mtaa wa Dunda ambayo mwenyewe alikuwa na deki na seti ya inchi 21, na jioni za Jumamosi alitoza shilingi hamsini kwa mtoto. Tuliketi juu ya mkeka, wakubwa wakaketi vitini nyuma. Kwa kawaida tulikwenda kutazama Rambo au Wachina wa kung-fu. Jumamosi moja kanda ya Rambo ikakwama, mwenye nyumba akachomeka nyingine aliyoletewa na nahodha mmoja kutoka Unguja, na mbele yetu akatokea kijana mwenye nywele zilizofunika masikio, uso wa mtoto wa kidato cha nne, amevaa koti na tai, anaingia darasani.

Mchezo huo uliitwa Mind Your Language. Habari yake ni fupi. Shule moja ya jioni mjini London ina darasa la watu wazima waliotoka nchi mbalimbali, wote wamekuja kujifunza Kiingereza. Mkuu wa shule, Bi. Courtney, ni mama mkali asiyeamini kwamba mwanamume anaweza kufundisha. Mwalimu aliyetangulia amerukwa na akili kwa sababu ya darasa hilo. Ndipo anapoajiriwa Bwana Jeremy Brown, na kuanzia hapo ni vurugu tupu: Mhispania ambaye kila anapoulizwa hujibu neno moja lile lile la Kihispania la kuomba, Mtaliano anayegombana na Mgiriki, Kalasinga anayeomba radhi mara elfu, Mjapani anayemalizia kila neno kwa irabu kama sisi tufanyavyo, na Mchina wa kike mwenye kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao asichokiweka chini.

Kiingereza chetu kilikuwa haba, lakini tulicheka mpaka mwenye nyumba akatishia kuzima. Tulicheka kwa sababu tulilielewa jambo lenyewe. Tulikuwa tumetoka shule ya msingi ambako masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili, tukalazwa usiku mmoja, tukaamka asubuhi tunafundishwa jiografia, baiolojia na hesabu kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na kuanzia mwaka 1987 Uingereza ikagharimia mpango wa kuimarisha Kiingereza katika shule zetu, ndiyo asili ya vile vijitabu vya hadithi vilivyokuwa ndani ya kabati la maktaba. Kwa hiyo yule Mhispania wa London tulimjua vizuri. Alikuwa ameketi kati yetu.

Sasa nieleze maisha ya mtu mwenyewe, maana tuliyemcheka na kumpenda hatukujua lolote juu yake.

Barry Evans alizaliwa tarehe 18 Juni 1943 huko Guildford, mji ulio kusini-magharibi ya London, katikati ya vita. Wazazi wake hawakumlea. Aliachwa angali mchanga akakulia katika nyumba za watoto yatima. Hapa kwetu mtoto aliyefiwa hata akabaki peke yake huwa ana shangazi mahali fulani, au mama mdogo, au jirani aliyemnyonyesha, na ndiyo maana neno yatima linapotamkwa Bagamoyo huwa lina watu wengi nyuma yake. Yatima wa Uingereza wa miaka ile alikuwa na bweni, ratiba na kengele. Alipokwenda shule, alikwenda shule ya bweni. Aliporudi likizo, alirudi bwenini.

Walimu wake waligundua mapema kwamba mtoto huyu akisimama jukwaani anabadilika. Katika michezo ya kuigiza ya shule ndiye aliyepewa sehemu kubwa. Baadaye akapata msaada wa masomo uliobeba jina la Sir John Gielgud, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Shakespeare, akaingia Central School of Speech and Drama mjini London. Chuo hicho kwa Waingereza ni kama Chuo chetu cha Sanaa hapa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuitwa TaSUBa tangu 2007, ila tu wao hawana bahari mlangoni.

Bahati yake ya kwanza kubwa ilikuja kwa filamu iitwayo Here We Go Round the Mulberry Bush, iliyotolewa mwaka 1968 chini ya mwongozaji Clive Donner. Evans ndiye aliyekuwa mhusika mkuu, kijana wa mji mpya wa Stevenage anayezunguka kwa baiskeli akiota kupata mchumba. Filamu hiyo iliteuliwa kushindana katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa, lakini mwaka huo wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, ghasia zikafika hata Cannes, na tamasha likavunjwa kabla ya kumalizika. Naona katika maisha ya Evans jambo hili lilijirudia: mlango unafunguka, naye anapotia mguu unafungwa. Mwaka 1969 Donner akamchukua tena katika filamu ya mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, safari hii katika sehemu ndogo.

Mwaka huo huo wa 1969 ndipo televisheni ilipomchukua. Kampuni ya London Weekend Television ilianza mfululizo wa vichekesho uitwao Doctor in the House, uliotokana na vitabu vya Richard Gordon juu ya wanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Swithin's. Evans aliigiza kama Michael Upton, mwanafunzi mpole, mwenye haya, anayejikuta katika matatizo yaliyoletwa na wenzake. Baadhi ya waliouandika walikuja kuwa wakubwa sana katika ucheshi wa Uingereza: John Cleese, Graham Chapman, Graeme Garden na Bill Oddie. Mchezo ulipendwa. Ukafuatiwa mwaka 1971 na Doctor at Large. Baada ya hapo Evans akaacha, na mfululizo uliofuata ukaendelea bila yeye, mwenzake Robin Nedwell akakalia kiti chake.

Wengi waliona kuwa aliogopa kunasa katika mtu mmoja, watu wasije wakamwona daima kuwa yule daktari kijana. Hofu hii waigizaji wote wanayo na si ya upuuzi. Hapa kwetu marehemu Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa King Majuto hata sokoni na msikitini. Benson Wanjau wa Nairobi, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mzee Ojwang popote alipokwenda, ingawa yeye mwenyewe ni Mkikuyu na Ojwang ni jina la Kijaluo. Tofauti ni kwamba hawa wawili waliyakubali majina hayo wakazeeka nayo. Evans aliyakimbia, na alipogeuka akakuta hakuna mahali pa kukimbilia.

Tatizo lake lilikuwa la ajabu. Uso wake haukukua. Alipofika miaka thelathini bado alionekana wa ishirini, na watu wa filamu hawakujua wamweke wapi. Hakufaa kuwa baba, hakufaa kuwa mkaguzi wa polisi, na kwa sehemu za vijana walikuwapo vijana wenyewe kwa bei nafuu. Alicheza jukwaani, alicheza katika filamu moja ya kutisha mwaka 1971, na mwaka 1976 akawa mhusika mkuu katika Adventures of a Taxi Driver, filamu ya mizaha ya chumbani ambayo mwalimu wetu wa nidhamu asingeruhusu hata jina lake litajwe mstarini. Humo Evans ni dereva wa teksi wa London. Naomba msomaji alitie jambo hilo akilini, tutalirudia.

Mind Your Language ilianza kuonyeshwa tarehe 30 Desemba 1977. Mwandishi wake ni Vince Powell, aliyekuwa na uzoefu mrefu wa kuwachekesha Waingereza juu ya wageni waliohamia kwao. Evans alikuwa na miaka thelathini na minne. Mifululizo mitatu, vipindi 29 kwa jumla, ilionyeshwa hadi mwaka 1979, na mamilioni ya watu waliitazama. Kisha ikakatwa. Mmoja wa wakubwa wa kampuni ile, Michael Grade, aliona kwamba ucheshi wake ni wa kuwadhalilisha wageni, kila taifa limepewa kilema chake, na kwamba kampuni yenye heshima isiendelee nao.

Nimelifikiria sana jambo hili, nami nina maoni yangu, ambayo wenzangu wa darasa lile wanaweza kuyapinga tutakapokutana.

Kwanza, Grade alikuwa na hoja. Ukiwatazama leo wale wanafunzi, kila mmoja ni bendera ya nchi yake badala ya kuwa mtu. Mjerumani hana jingine ila ukali na kufuata sheria, Mfaransa wa kike hana jingine ila macho. Kalasinga na Mpakistani wanatukanana kila kipindi. Na katika darasa lile la vipindi vya mwanzo, lenye Wazungu wa kila aina na Waasia wa kila upande, hakuwemo Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wanafunzi wa kudumu. Tulikuwa hatuliulizi hilo wakati ule. Sasa najiuliza kama tungecheka vile vile angekuwamo.

Lakini la pili ni hili. Mchezo ambao Waingereza waliuonea haya ulipendwa mno katika nchi za watu wale wale waliodaiwa kudhalilishwa. Ulionyeshwa India, Pakistani, Sri Lanka, Nigeria na Kenya. Wahindi hata wakatengeneza wa kwao mwaka 1993, uitwao Zabaan Sambhalke, ambamo lugha inayofundishwa si Kiingereza tena bali Kihindi. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni Evans mwenyewe. Mtazameni vizuri. Yeye ndiye mwenye lugha, ndiye mwenye mamlaka, angeweza kuwacheka. Hawacheki. Anakasirika, anachoka, anajishika kichwa, lakini mwanafunzi anapokosea humrudishia jibu lililo sahihi kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwokotea mwenzake kofia iliyoanguka. Vichekesho viliandikwa na Powell. Ule upole haukuwa kwenye karatasi. Uliletwa na mtu aliyelelewa bila kwao, akajua maana ya kuketi katika chumba ambamo wewe ni mgeni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimpa jina la Bwana Brown wiki ile ile. Hakufanana naye hata kidogo, alikuwa mtu mnene wa Kilimanjaro mwenye jasho jingi, ambaye pwani haikumzoea. Alipojua jina hilo limetoka wapi alikwenda Dunda Jumamosi iliyofuata, akalipa shilingi zake hamsini kama mtoto, akaketi nyuma. Jumatatu akatuambia kwamba amejifunza jambo, na kuanzia siku hiyo akaanza kutupa mazungumzo ya kuigiza mbele ya darasa badala ya kunakili ubaoni. Wengi wetu tuliofaulu Kiingereza kidato cha nne tunajua tulifaulu kwa sababu ya mazungumzo yale.

Si wote tuliofaulu. Hapa nina deni ambalo sijapata kulilipa kwa maandishi.

Alikuwepo mwenzetu mmoja wa Saadani. Alikuja shuleni juu ya lori la chumvi, na sanduku la bati, na alijua kuvua, kusuka nyavu na kusoma upepo kuliko yeyote kati yetu. Kiingereza hakukijua. Mwalimu alipomwuliza jambo, lolote, alijibu neno moja la kukubali, kisha akatabasamu. Mimi, mtoto wa mjini niliyekuwa na kaka aliyesoma, ndiye niliyempa jina la yule Mhispania wa kwenye kanda. Jina likamganda. Darasa zima lilimwita hivyo, bweni zima, mpaka wapishi. Kila aliposimama kujibu vicheko vilitangulia kabla hajafungua kinywa, na kufika kidato cha pili akawa hasimami tena. Mtihani wa kidato cha pili ukamshinda, akarudi Saadani kwa lori lile lile.

Mwalimu aliniita ofisini. Hakunichapa, ingawa fimbo ilikuwapo. Aliniuliza tu kama nimewahi kumwona Bwana Brown wa kwenye kanda akicheka. Nikajibu hapana. Akaniambia nirudi darasani.

Nirudi kwa Evans. Mwaka 1982 alionekana katika mchezo wa BBC pamoja na mchekeshaji Dick Emery. Mwaka 1986 kampuni nyingine ndogo ilifufua Mind Your Language kwa vipindi 13, yeye akiwa mwalimu yule yule, baadhi ya wanafunzi wale wale na wengine wapya. Baadhi ya mikoa ya Uingereza iliuonyesha na mingine haikuuonyesha. Dino Shafeek, aliyekuwa Ali, yule Mpakistani aliyependwa kuliko wote, alikuwa amefariki mwaka 1984, na aliyemtazama Ali anajua kwamba bila yeye darasa lilikuwa limetoboka. Kisha kimya. Mwaka 1993 Evans akapata sehemu ndogo katika filamu iliyotokana na kitabu cha Dickens, nayo ndiyo ya mwisho.

Habari iliyofuata niliipata nikiwa mtumishi wa Serikali tayari, kutoka kwa rafiki yetu wa utotoni ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Familia yao ilihamia Leicester, mji ambao Wahindi wa Afrika ya Mashariki ni wengi mno, hasa tangu Idi Amin alipowafukuza wa Uganda mwaka 1972. Alikuja likizo, tukaketi ufukweni tukila ngisi, tukakumbuka siku za Dunda. Ndiye aliyeniambia kwamba Bwana Brown alimaliza maisha yake jirani na mji wao, akiendesha teksi.

Sikuamini mpaka nilipotafuta mwenyewe. Ni kweli. Kazi za uigizaji zilipokwisha kabisa, Barry Evans alihamia Leicestershire na katika miaka ya 1990 akaishi kwa kuendesha teksi. Ile filamu ya 1976 ilikuwa mzaha, sasa ikawa riziki. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya kijiji kiitwacho Claybrooke Magna. Nimejaribu kufikiria abiria wake. Katika mkoa ule lazima wamo waliozaliwa Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, watu waliojifunza Kiingereza ukubwani na waliomtazama kila wiki, sasa wameketi kiti cha nyuma, wanatazama kisogo chake.

Tarehe 9 Februari 1997, siku ya Jumapili, polisi walikwenda nyumbani kwake kumpa habari njema: gari lake lililokuwa limeibwa limepatikana. Walimkuta amekufa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Damu yake ilikutwa na pombe nyingi. Kijana mmoja wa miaka kumi na minane alikamatwa, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, na afisa wa kuchunguza vifo akaliacha shauri wazi. Hata leo liko wazi.

Nimekwenda kwenye kalenda kuitafuta tarehe hiyo. Ilikuwa siku zile za Idi el-Fitri. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani kwa sikukuu. Mji ulijaa, watoto na kanzu mpya, na yule mwenye nyumba wa Dunda aliweka maonyesho mchana na usiku. Alikuwa na kanda tatu za Mind Your Language wakati huo. Nina hakika kabisa tulimtazama siku hizo, kwa sababu nakumbuka nililipa kwa fedha ya Idi na kwamba umeme ulikatika katikati, tukakaa gizani tukiigiza sehemu iliyobaki wenyewe, kila mtu na taifa lake.

Tulipokutana kwenye mkutano uliopita wa wanafunzi wa zamani, wengi mlikuwapo mtakumbuka, baada ya chakula kijana mmoja wa kidato cha tano alikuwa na vipindi vile kwenye simu yake. Tukamzunguka chini ya mwembe, watu wenye mvi na matumbo, simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Mwenzetu wa Saadani alikuwa amekuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Ana mashua mbili sasa, na mtoto wake wa kike anasoma hapa hapa, kidato cha kwanza. Aliketi mbele kabisa. Alipotokea yule Mhispania na neno lake moja, alicheka mpaka akatoa leso. Mimi nilisimama nyuma, sikuweza kucheka.

Baadaye nilimfuata penye mabomba tulipokuwa tukinawa, nikamwomba radhi. Nilitarajia aseme amesahau. Hakusema hivyo. Alisema anakumbuka siku, anakumbuka ubao uliandikwa nini, na anakumbuka kwamba Mwalimu ndiye pekee ambaye hakucheka. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi, yule mwalimu mwingine, wa kwenye kanda, yuko wapi siku hizi, bado anafundisha? Nikamweleza yote niliyoyaandika hapa, kuanzia yatima mpaka teksi. Alinyamaza kwa muda, akauliza nani aliyemzika. Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndipo Ndugu Mhariri, aliyekuwa akingoja zamu ya bomba nyuma yetu, akasema niyaandike. Mwenzetu akaomba apelekewe nakala mbili Saadani, moja yake na moja ya binti yake, na kwamba binti ndiye atakayemsomea.